Mshale wa kipima vali ukisema uongo: pa kuanzia kulitafuta kosa

Vali ya elektroni, ile ya kioo ya redio na amplifaya za zamani, ambayo haijawahi kutumika inatolewa kwenye boksi lake, inachomekwa kwenye kipima vali cha zamani, na mshale unaishia kwenye eneo jekundu. Ya pili, hali ni ileile. Ya tatu nayo "mbovu". Hapo mtu mwenye busara huacha kuzishuku vali, akaanza kukishuku kifaa. Bahati mbaya ni kwamba hatua inayofuata ndiyo mara nyingi inayovuruga kila kitu: anafungua kifuniko, anaziona poti ndogo za kurekebishia (rezista za kuzungusha), anachukua bisibisi na kuzizungusha mpaka mshale usome anachotaka yeye. Vali zote tatu zinapona papo hapo. Kosa lenyewe halijaguswa. Funika kombe mwanaharamu apite, na sasa makosa yamekuwa mawili badala ya moja.

Mita, yaani kile chombo chenye mshale, ndiyo kitu cha mwisho kwenye njia ndefu, na inastahili kuwa ya mwisho kushukiwa. Poti za kurekebishia ziguswe baada ya hapo. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, namna kosa linavyojitokeza inaweza kukuonyesha upande wa kwenda, na huko ndiko kwenye nusu ya kazi.

Mshale unapima nini

Ndani ya vali, hita hupasha moto kathodi, kathodi hutoa elektroni, na anodi yenye volteji chanya huzivuta. Gridi iko katikati, ikiwa na volteji hasi kidogo, nayo ndiyo huamua ni kiasi gani kipite. Ukiipunguzia gridi uhasi kwa volti moja na mkondo wa anodi ukapanda kwa miliampea mbili, vali hiyo ina miliampea mbili kwa volti. Kipimo hiki mafundi hukiandika gm, na ndicho kinachoeleza afya ya vali kuliko kingine chochote. Wamarekani hutumia mikromho: miliampea 1 kwa volti ni mikromho 1,000. Kwa hiyo vali ya aina ya ECC82, ambayo kwenye kitabu ina 2.2, kwenye skeli ya Kimarekani itasoma 2,200.

Vipima vali vya hali ya chini havifiki huko. Vinaunganisha gridi na anodi pamoja, vinaifanya vali iwe dayodi (kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na kuangalia kama kathodi bado inatoa elektroni za kutosha. Skeli yake ina rangi mbili au tatu na neno moja la kusifu na moja la kukataa. Hivyo sivizungumzii sana hapa, ingawa mengi yatakayofuata yanavihusu pia.

Ili mshale usome sawasawa, hita iwe na volteji yake, anodi na skrini (gridi ya pili ya baadhi ya vali) ziwe na zao, bayasi ya gridi, yaani ule uhasi wake, iwe sahihi, ishara ndogo inayopelekwa kwenye gridi iwe na ukubwa wake, soketi na swichi zigusane vizuri, rezista zinazogawa mkondo wa mita ziwe na thamani zake za asili, ndipo koili ya mita ipate zamu yake. Kikiteleza kimoja tu kati ya hivyo, lawama zote zinaishia kwa mshale.

Kosa lina tabia

Swali la kwanza: kosa linazipata vali zote au baadhi? Chukua vali nne au tano za aina tofauti, ndogo na kubwa, ambazo huna sababu ya kuzishuku zote kwa pamoja. Usitegemee vali moja uliyoambiwa ni nzima. Hata vali mpya hutofautiana sana na kitabu, kwa kuwa namba za kitabu ni za vali ya wastani.

Zikisoma chini zote kwa kiwango kimoja, tuseme kila moja imepungukiwa na moja ya tano, tafuta kitu kinachozihusu zote: volteji ya kuingilia, mita, au rezista iliyo sambamba nayo. Zikisoma chini vali kubwa za nguvu peke yake huku ndogo zikiwa sawa, angalia hita kwanza. EL34 inanyonya ampea 1.5 kwenye hita. ECC83 ikiunganishwa kwa volti 6.3 inanyonya 0.3 tu. Weka ukinzani wa omu 0.3 kwenye mguso mchafu wa swichi au soketi. Kwa ECC83 unapoteza volti 0.09, hakuna atakayejua. Kwa EL34 unapoteza volti 0.45, hita inabaki na 5.85, na vali iliyokwisha kutumika kiasi itaonekana imechoka kuliko ilivyo. Ndiyo maana volteji ya hita haipimwi kwenye soketi tupu. Inapimwa kwenye miguu ya vali yenyewe, ikiwa imechomekwa na imewaka.

Likijitokeza kwenye soketi moja tu, huna haja ya kusoma zaidi, safisha soketi hiyo na ukaze meno yake. Vali zenye triodi mbili, yaani vali mbili ndani ya kioo kimoja, zina hila yake. Nusu ya kwanza ikisoma chini kwa kila vali unayochomeka na nusu ya pili ikiwa sawa siku zote, kosa ni la swichi ya kuchagua nusu. Nusu dhaifu ikibadilika kutoka vali hadi vali, hizo ni vali zenyewe.

Likibadilika ukigusa kitufe au ukizungusha swichi kidogo huku na huku, ni uchafu wa migusano. Zungusha kila swichi mara nyingi umeme ukiwa umezimwa, kisha tumia dawa ya kusafishia migusano kwa uchache. Kuimwaga mpaka ichuruzike si usafi, kwa sababu bodi za swichi za zamani hunyonya mafuta, mafuta hukusanya vumbi, na vumbi hilo huanza kuvujisha umeme kati ya mguso wa anodi na ule wa gridi. Megaomu chache tu za uvujaji zinatosha kuharibu bayasi.

Poti ya bayasi nayo uichunguze peke yake. Mahali ambapo njia yake ya kaboni au waya imelika, mguso huinuka, gridi inabaki haina uhasi wake, na mkondo unaruka juu ghafla. Mshale unagonga mwisho wa skeli na vali yenyewe inaumia. Hilo ni kosa la kurekebisha kabla ya kuchomeka vali yoyote unayoithamini.

Multimita yako nayo ina lake

Sasa tufike kwenye jambo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Umeamua kufuata utaratibu mzuri, huigusi mita, unapima volteji moja moja kwa multimita ya dijitali na kulinganisha na maandishi ya kwenye swichi. Kifaa ni AVO ya Uingereza, tuseme CT160 ya jeshi, ile iliyojengwa ndani ya sanduku linalofunguka kama begi. Umeweka anodi kwenye 250. Multimita inakuambia 275. Umeweka bayasi kwenye 10. Multimita inakuambia 5.2. Anodi imezidi, bayasi ni nusu, kifaa kimeharibika vibaya!

Hakijaharibika hata kidogo. Hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Vipima vali hivi havina rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) kwenye njia ya anodi. Anodi inapewa AC moja kwa moja kutoka kwenye transfoma, na vali yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya rektifaya: inapitisha umeme katika nusu ya wimbi ambayo anodi ni chanya, inakataa nusu nyingine. Bayasi ya gridi nayo ni nusu-wimbi, haijasawazishwa na kapasita. Kila kitu kinapigapiga pamoja na umeme wa ukutani, kinapanda na kushuka kwa wakati mmoja.

Hesabu yake ni nzuri ukiitazama kwa utulivu. Wastani wa nusu moja ya wimbi la sini ni 0.9 ya thamani yake ya RMS, ile ambayo multimita huonyesha kwenye AC. Volti 275 mara 0.9 ni 247.5, yaani karibu kabisa na 250 iliyoandikwa. Kwa hiyo waliobuni kifaa waliweka anodi mara 1.1 ya kilichoandikwa ili, katika kile kipindi ambacho vali inafanya kazi, wastani wa volteji uwe ule wa kitabu. Bayasi iko kwa nusu ya muda tu, kwa hiyo multimita kwenye DC, ambayo hutoa wastani wa muda wote, inaona kama 0.52 ya kilichoandikwa. Na kwa kuwa vali inafanya kazi nusu ya muda, mkondo wa wastani unaopita kwenye mita ni nusu ya ule ambao ungepita kwa DC. Skeli imechorwa mara mbili ili kulifidia hilo: ikisoma miliampea 10, zinazopita kwenye koili na rezista zake ni 5 za wastani.

Kwa hiyo anayezishusha volti 275 mpaka 250, akaipandisha 5.2 mpaka 10, amekiua kifaa kilichokuwa kizima. Kila vali atakayoichomeka itasoma chini kupita kiasi, kisha atahamia kwenye poti ya mita kuifidia. Nimeviona vifaa vilivyopitia mikono ya namna hiyo. Kuvirudisha ni kazi kubwa kuliko kutengeneza kilichoharibika kwa uzee.

Kuna hatari nyingine ndogo hapohapo. Multimita isiyo ya RMS halisi imekalibriwa kwa wimbi kamili la sini. Ukiipelekea nusu-wimbi kwenye AC, namba inayotoa haina maana. Nusu-wimbi ipime kwenye DC ili upate wastani, au iangalie kwenye osiloskopu.

Vali bandia ya rezista na dayodi

Ukishaielewa hesabu hiyo, unaweza kujitengenezea kitu kinachomaliza ubishi. Badala ya vali, weka mzigo unaojulikana: rezista ya kiloomu 22, ya wati 3 au zaidi, ikifuatana na dayodi ya 1N4007, kati ya tundu la anodi na la kathodi, dayodi ikielekea kathodi. Ipime rezista kwanza, usiamini rangi zake. Weka anodi kwenye 200.

Volteji ya RMS ni 220. Wastani wa nusu-wimbi kwa muda wote ni 0.45 ya hiyo, yaani volti 99. Gawanya kwa omu 22,000, unapata miliampea 4.5. Skeli ya kifaa, ambayo inazidisha mara mbili, isome 9.

Sasa ingiza multimita yako katika njia hiyohiyo, kwenye DC ya miliampea, ifuatane na rezista. Ikisoma 4.5 na mshale ukasoma 9, mita na rezista zake ni salama, acha kuzisumbua. Ikisoma 4.5 na mshale ukasoma 8, kosa liko kwenye mita au rezista zake, na volteji hazina hatia. Vikipungua vyote viwili pamoja, volteji ya anodi ndiyo haifiki. Jaribio moja dogo limegawa kifaa kizima sehemu mbili. Rezista haichoki, haina tofauti za kiwandani za kubishania, haitetemi. Ndiyo maana naiona ni shahidi bora kuliko boksi zima la vali "zilizopimwa".

Tahadhari ni moja: soketi hizo zina volti mia kadhaa, na ndani ya kifaa ni zaidi. Unganisha kila kitu umeme ukiwa umezimwa, washa, soma, zima. Mkono mmoja ukae mbali na chasisi.

Namna ya Hickok

Kampuni ya Hickok ya Cleveland, Ohio, ilipita njia nyingine, na kipima vali cha TV-7 cha jeshi la Marekani kiliifuata. Humo anodi inalishwa na vali ya rektifaya aina ya 83, yenye anodi mbili zinazopokezana: nusu moja ya wimbi inapita upande huu, nusu ya pili upande ule. Mita imewekwa katikati ya pande hizo mbili, kati ya rezista mbili zinazolingana, kama ulimi wa mizani. Vali inayopimwa ikipitisha mkondo sawa katika nusu zote mbili, pande zinafutana na mshale unakaa sifuri, hata kama mkondo ni mkubwa namna gani.

Kisha gridi inapewa ishara ndogo ya AC inayokwenda sambamba na umeme uleule. Katika nusu moja gridi inakuwa na uhasi kidogo zaidi, katika nusu nyingine uhasi unapungua. Mikondo haifutani tena, na tofauti yake ndiyo mshale unayoionyesha. Tofauti hiyo inategemea gm.

Kutokana na hapo magonjwa yake yanaeleweka. Pande mbili za 83 zisipolingana, au zile rezista mbili zikihitilafiana kwa sababu moja imepanda thamani, mizani inaegemea upande hata kabla ishara haijafika. Mshale unaonyesha kitu wakati gm haijapimwa bado. Kosa la aina hii huongezeka kadiri vali inavyopitisha mkondo mwingi, kwa hiyo vali ya nguvu kama 6L6 italionyesha vizuri kuliko vali ndogo ya miliampea moja. Ondoa ishara ya gridi huku 6L6 ikiendelea kupitisha mkondo. Mshale ukikataa kurudi sifuri, tatizo ni mizani.

Jambo la pili ni watu kubadilisha 83 kwa dayodi za silikoni. Sababu yao inaeleweka: 83 ina zebaki ndani, si kitu cha kuvunjikia mezani, na inachukua muda kupata moto. Lakini 83 inakula kama volti 15 na haibadiliki sana mkondo ukipanda au ukishuka. Silikoni inakula volti moja hivi. Ukiweka dayodi tupu bila kufidia volti hizo zilizobaki, anodi inapanda na kila vali inakuwa "nzuri kuliko mpya". Anayeuza vali akiwa na kifaa cha namna hiyo ana furaha isiyo na msingi.

Na kuna ile taa ndogo, namba 81, inayokaa kwenye njia ya kuingilia kazi yake ikiwa ni fyuzi. Wengine wakikosa ya asili huweka yoyote inayoingia kwenye soketi. Ukinzani wa taa ni sehemu ya hesabu ya kifaa. Ukibadilisha taa umebadilisha volteji zote kwa mpigo, hasa vali kubwa ikiwa imewashwa.

Mtego wa kuweka umeme sawa

Karibu kila kipima vali kizuri kina hatua ya mwanzo ya kuweka umeme wa kuingilia: unabonyeza kitufe au unaweka swichi mahali pake, unazungusha mpaka mshale ufike kwenye alama. Ni hatua ya kuaminika sana machoni, na kwa hiyo ni hatari sana ikiharibika, kwa sababu inatumia mita ileile.

Fuata mfano huu. Sumaku ya mita imepoteza nguvu kwa miaka mingi, na sasa mita inasoma asilimia 90 ya ukweli. Unaweka umeme sawa. Mshale hauufikii mstari, kwa hiyo unazungusha mpaka ufike. Umeshapandisha volteji zote kwa asilimia 11. Hita ya 6.3 sasa iko karibu volti 7. Anodi imepanda, skrini imepanda, bayasi imepanda.

Mkondo wa vali hufuata volteji kwa kipeo cha 1.5. Zikipanda zote pamoja mara 1.11, mkondo unapanda mara 1.17. Halafu mita dhaifu inakuonyesha asilimia 90 ya huo mkondo: 1.17 mara 0.9 ni 1.05. Mshale unasoma juu kwa asilimia 5 tu! Utakiita kifaa kizima, utalala usingizi, na kila vali unayoipima inachomwa hita kwa volti 7.

Kosa likiwa kwenye rezista ya hatua hiyo peke yake, na mita ni nzima, huna fidia hiyo. Vali zote zitasoma juu kwa asilimia 15 au zaidi. Rezista hiyo ni ya thamani kubwa, na katika vifaa vingi ni ya kaboni. Kaboni ya zamani ikipata unyevu na joto kwa miaka mingi hupanda thamani, haishuki, kwa hiyo mwelekeo wa kosa ni uleule siku zote: mshale unachelewa, mtumiaji anazidisha. Rektifaya ndogo ya mita, kama ni ya seleniamu au oksidi ya shaba, huzeeka kuelekea hukohuko.

Dawa ni kuuweka umeme kwa mshale, kisha kwenda kupima hita kwa multimita kwenye miguu ya vali iliyowaka. Vipimo hivyo viwili visipokubaliana, mwamini multimita. Hita ni sini safi, haina hila za nusu-wimbi, na multimita yoyote nzuri inaisoma sawasawa. Mimi hupima hilo kabla ya kitu kingine chochote, hata kwenye kifaa kisicho na malalamiko.

Mita yenyewe, sasa

Kama njia yote imekwisha kusafishwa na mshale bado unadanganya, mita imefikiwa na zamu yake. Ni koili nyepesi ya waya mwembamba inayozunguka ndani ya nafasi ndogo ya sumaku, ikizuiwa na springi mbili nyembamba. Usiipime kwa omu za multimita. Multimita hutuma mkondo wake inapopima omu, na kwa mita ya mikroampea chache mkondo huo unaweza kuupiga mshale ukapinda.

Tenganisha waya mmoja wa mita ili isipate njia za pembeni. Tumia betri ya volti 1.5, rezista ya kiloomu 10 na poti kubwa, multimita kwenye mikroampea ikifuatana nayo. Anza na mkondo mdogo, panda polepole, soma kwenye robo, nusu, robo tatu na mwisho wa skeli.

Ikisoma chini kwa uwiano uleule kote, sumaku imechoka au kuna rezista ya sambamba uliyoisahau. Ikizidi au kupungua kwa kiasi kilekile kila mahali, ni sifuri tu haijawekwa. Skrubu ya mbele inatosha. Mshale ukipanda kwa kurukaruka, au ukapumzika mahali tofauti ukiugonga mdundo mdogo kwenye kioo, kuna msuguano: ncha za mhimili, au chembe ya chuma iliyonaswa kwenye nafasi ya sumaku. Chembe hizo haziondoki kwa kupuliza, sumaku imezishika. Huondolewa kwa ncha ya karatasi yenye gundi, kwa mkono usiotetemeka, na asiye na mkono huo ampe mwingine.

Ikiwa sawa chini na kuanza kubaki nyuma kadiri inavyokaribia mwisho wa skeli, angalia dayodi za kinga zilizounganishwa sambamba na koili. Dayodi inayovuja hula mkondo zaidi kadiri volteji inavyopanda, kwa hiyo skeli inabanwa upande wa juu tu. Toa dayodi, rudia jaribio, jibu litakuja palepale.

Na kama mita ina dirisha la plastiki na mshale unafuata kitambaa ulichofutia vumbi, hakuna ubovu. Ni umeme tuli. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri.

Vali inayopiga kelele kimyakimya

Kuna kosa moja lisilo la kifaa wala la vali, bali la wote wawili wakikutana. Vali zenye gm kubwa, mfano ECC88 yenye 12.5 au EL84 yenye 11.3, zina uchu wa kutetema, yaani kujizalishia mawimbi ya umeme zenyewe, kwenye masafa ya juu sana. Waya ndefu zinazotoka kwenye swichi kwenda soketi tisa au kumi ndani ya kipima vali zinazipa nafasi hiyo. Vali ikianza kutetema, mkondo wa anodi unabadilika, mshale unasoma chini au juu bila mpangilio, na unasogea ukiupitisha mkono karibu na vali.

Hilo la mkono ndilo la kuliangalia. ECC83 yenye gm ya 1.6 haisumbui kamwe na ECC88 inasumbua kila siku kwenye kifaa hichohicho. Shanga ndogo za feraiti zikivalishwa kwenye waya karibu kabisa na miguu ya soketi, hasa ya gridi na anodi, humaliza maneno. Zikiwekwa mbali na soketi, upande wa swichi, hazisaidii kitu.

Poti, mwishoni kabisa

Sasa tu ndipo bisibisi inaruhusiwa. Kabla ya kugusa poti yoyote weka alama ya kalamu mahali ilipo, na utazame kama ile rangi ya kufungia iliyopakwa kiwandani bado haijavunjika. Ikiwa imevunjika, kuna aliyekutangulia, na huenda unarekebisha alichokiharibu yeye badala ya uzee wa kifaa.

Utaratibu ni kufuata njia ya umeme: volteji ya kuingilia ukiithibitisha kwenye hita, kisha anodi na skrini, kisha bayasi, kisha ishara ya gridi, na mita mwisho. Ukirudi nyuma hatua moja, rudia zote zinazofuata. Rezista iliyopanda thamani kwa zaidi ya asilimia 10 ibadilishe, usiifidie kwa poti, kwa sababu itaendelea kupanda. Andika kila kipimo, cha kabla na cha baada, pamoja na volteji ya ukutani ya siku hiyo, ubandike karatasi hiyo ndani ya kifuniko, ambapo atakayefungua kifaa baada yako ataikuta kabla hajafika kwenye poti.